Kinga ya Pete Nyeusi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "imeandikwa" juu ya maneno ambayo sikuweza kuyasoma. Nililisema kwa sauti ya mtu mzima, kidole kikiwa juu ya mstari, na watoto wenzangu wakanyamaza wakanisikiliza. Yote niliyoyakosea baadaye, na yalikuwa mengi, yalizaliwa na neno hilo. Nalitaja mapema kwa sababu najijua: nikiliacha hadi mwisho nitalipamba.

Majuzi nilikuwa Ukunda, kwenye mabanda ya mitumba, nikitafuta shati la kazini. Mwuzaji mmoja alikuwa amemwaga chini gunia la vitu vya watoto wa Ulaya: magari yasiyo na magurudumu, wanasesere wenye nywele zilizosokotana, vikombe vya kuchezea. Jua lilikuwa limevichoma tangu asubuhi, na ndani ya harufu ile ya plastiki ya moto mlikuwa na harufu nyingine, tamu, kama manukato ya mtu aliyekwisha kuondoka chumbani. Nilisimama pale shati mkononi, mtu mzima na ndevu zangu, meno yamebanana. Halikunijia kwanza jina la mchezo, wala sura ya mdogo wangu. Jina lililonijia ni Zuhura.

Mchezo wenyewe uliletwa na Shangazi Mejumaa, ndugu mdogo wa baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja ya Galu. Sisi tulikaa kusini zaidi, ukikaribia Msambweni, na yeye alirudi nyumbani mara moja kwa wiki na vitu ambavyo wageni walivisahau au walivichoka: mafuta ya kujipaka yaliyobaki nusu, kandambili za watu wenye miguu mikubwa. Safari hiyo alileta boksi. Familia ya Wajerumani ilikuwa imeliacha kitandani, na msimamizi wake akamwandikia kibali cha kulitoa getini, maana pale hata kipande cha sabuni hakikutoka bila kibali.

"Haya, wapambaji, njooni," alituita barazani. "Nikisikia kelele, narudisha kwa Wazungu wake."

Ndani mlikuwa na ubao wa mviringo wenye mshale wa kuzungusha, na mapambo ya plastiki ya rangi nne: waridi, zambarau, kijani na buluu. Kila rangi ilikuwa na kidani, bangili, pete na herini mbili za kubana. Zaidi ya hayo palikuwa na taji moja la fedha ya bandia, na pete moja nyeusi isiyokuwa na mwenzake. Unazungusha mshale, unasogeza kete yako, unachukua pambo la picha uliyofikia na kulivaa papo hapo. Ukifikia picha ya mkono mtupu, unarudisha pambo moja, lolote utakalo. Taji lilihama: aliyefikia picha yake alilivua kichwani mwa mwenzake. Atakayetimiza mapambo ya rangi yake yote, pamoja na taji, ndiye mshindi. Haya yote yalionekana kwa picha, na sikuhitaji kusema uongo kuyaeleza.

Mdogo wangu Riziki alikuwa na miaka saba, mimi tisa. Alipokuwa anatambaa alimwagikiwa na mafuta ya mahamri, na kovu lilimshika kuanzia chini ya sikio la kushoto hadi begani. Ndewe ya sikio hilo haikubaki na nyama ya kutobolewa. Wasichana wa rika lake walitobolewa, wakatiwa vijiti vya ufagio, kisha dhahabu. Yeye aliambiwa asubiri, na watu wazima wote walijua hapakuwa na cha kusubiri. Lakini herini za kubana hazikutaka tundu. Alichagua rangi ya waridi. Akabana ya kulia, kisha ya kushoto, kwenye kile kipande kidogo kilichobaki juu ya kovu, akawa anatikisa kichwa ili zimguse shingoni.

"Kaka," aliniuliza, "zinalingana?"

"Zinalingana."

Zilikuwa zinalingana kweli.

Iliyobaki bila maelezo ni pete nyeusi. Upande wa ndani wa kifuniko cha boksi palikuwa na maandishi mengi, na watoto wakanisogezea mimi. Nilikuwa nimejifundisha kusoma kabla ya kupelekwa shule, kwa magunia ya unga na karatasi za dawa, na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu pekee. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Viatu vya nyumba nzima nilivipanga mlangoni, vidole vikitazama nje, kisha nikarudi kuhakikisha kwamba havijasogea. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima. Basi nikaangalia kifuniko, nikaona maneno marefu yasiyopumua, herufi nyingine zikiwa na nukta mbili juu kama macho, na nikajua hata Kiingereza si hiki. Ningeweza kusema sijui. Hebu fikiri jinsi neno hilo lilivyo fupi.

Chini ya maandishi palikuwa na picha: msichana wa Kizungu amevaa pete nyeusi, na wenzake watatu wanamnyooshea kidole, vinywa wazi, wanacheka. Nikaona watu wanaompongeza. Na kwa nini nisione hivyo? Kwetu mtoto akizaliwa hufungwa ushanga mweusi mkononi, na hupakwa nukta ya wanja kwenye paji la uso, ili jicho la hasidi likifika liangukie hapo na lisimdhuru. Kinga ya kwanza aifahamuyo mtoto wa kwetu ni nyeusi. Pete moja, nyeusi, isiyo na mwenzake, katikati ya urembo wote ule wa rangi za peremende: ingekuwa nini kama si kinga?

"Imeandikwa," nikasema, na kidole changu kikatembea juu ya maneno, "mwenye pete nyeusi haguswi. Hata taji lake halivuliwi. Hii ndiyo kubwa kuliko zote."

Miezi mingi tulicheza hivyo, na wakaniita Kadhi. Kila ugomvi uliletwa kwangu, na mimi nilifungua kifuniko, nikakunja uso, nikahukumu. Kadiri hukumu zilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kuogopa, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kuwa mkali. Siku hizi nikisoma habari za michezo ya kale, kwani nimekuwa mtu wa kutafuta asili ya vitu, najua kwamba mchezo ule uliuzwa katika nchi nyingi kwa lugha nyingi, na kwamba kote ulikopita pete nyeusi ilikuwa na maana ile ile moja. Isipokuwa kwenye baraza yetu, ambako ilikuwa na maana niliyoipa mimi.

Zuhura alikuwa na miaka tisa kama mimi. Aliingia katika mchezo wetu kwa njia ya posa. Mjomba wake ndiye aliyemposa Shangazi Mejumaa, na tangu hapo nyumba zetu mbili zikaanza kutembeleana kwa sinia za vitumbua na maneno ya adabu. Alikuwa na nywele zilizosukwa upya kila Ijumaa na sauti isiyopandishwa kamwe. Siku ya kwanza aliyokaa karibu na Riziki alimtazama shingoni, akasogea kidogo, akakunja gauni lake kana kwamba kovu lingeweza kumchafua. Nililiona hilo. Nililiweka.

Harusi ilipokaribia, pakazuka suala la watoto wa kumpepea bibi harusi. Kwa desturi walikaa wawili, kila upande mmoja, wamevaa nguo za aina moja na kushika pepeo zilizofumwa kwa rangi. Upande wa kulia alikwisha kupewa binti wa jirani aliyemlea Mejumaa. Kushoto palibaki kiti kimoja. Riziki alikitaka. Hakuwa mtoto wa kutaka vitu, na ndiyo maana nakumbuka. Alianza kufanya mazoezi ya kupepea, kwa kifuniko cha sufuria, mbele ya mbuzi.

Zuhura naye alikitaka, na kwao walishasema. Kisha akasema maneno yake mwenyewe, kwa sauti ile isiyopandishwa, tukiwa watoto watupu: "Riziki hafai kukaa mbele. Shingo yake itaharibu picha za watu."

Mejumaa alibanwa. Akimpa mpwa wake mwenyewe, wakwe wangenuna. Akimpa binti wa wakwe, angemwumiza Riziki. Akafanya kile wanachofanya watu wazima wakishindwa kuamua: akaliita jambo hilo mchezo.

"Si mnalo boksi lenu? Mshindane ninyi wawili. Atakayeshinda ndiye atakayenipepea, na asinune mtu."

Nilifurahi. Riziki alikuwa na bahati na pete nyeusi. Ilimfuata kama paka. Nilimwambia, "Ukiipata tu, usiiachie." Akaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo tulikaa barazani baada ya adhuhuri, watoto wa mtaa wote wametuzunguka, Mejumaa ameketi kwenye kibao cha mbuzi na nazi mkononi, anakuna huku akitazama. Zuhura alivaa kijani, akatimiza mapema. Alikosa taji tu. Riziki alipata pete nyeusi, akalichukua taji, na mshale wake uliofuata ukamtimizia waridi. Kwa sheria zangu, hapo pameisha. Akanyanyua juu mkono wenye pete, watoto wakapiga makofi, na Mejumaa akaweka nazi chini tayari kupiga kigelegele.

"Ameshindwa," Zuhura akasema.

"Nani ameshindwa?"

"Riziki, shangazi. Mwenye pete nyeusi hashindi, hata avae duka zima la sonara."

"Kadhi kasema ndiyo kubwa!" mtoto mmoja akadakia.

"Kadhi!" Zuhura akanigeukia taratibu. "Haya, Kadhi. Hiyo lugha gani hapo kwenye kifuniko?"

"Kizungu," nikasema.

"Kizungu gani? Wazungu wako wangapi?"

Wakacheka. Na hapo, kana kwamba ni bahati, kaka yake Swaleh akawa anapita uani. Swaleh aliwapeleka wageni kutazama samaki kwa mashua yenye sakafu ya kioo, na alizungumza Kijerumani kama aliyezaliwa nacho. Leo najua alikwisha kumsomea dada yake siku nyingi kabla, na Zuhura akaukalia ukweli ule kama kuku anavyokalia yai, akicheza na sisi kwa sheria zangu, akisubiri siku ambayo kuanguliwa kwake kungetuumiza zaidi. Huo ndio uovu wake. Angalikuwa msichana wa kusema kweli, angaliisema siku aliyoisikia.

"Shikamoo, dada Mejumaa," Swaleh akasema, akapokea kifuniko. "Hii? Hii rahisi. Shvats, nyeusi. Mwenye pete nyeusi hawezi kushinda mpaka aiondoe. Ona, hata pichani wenzake wanamcheka, maskini." Akarudisha kifuniko, akaenda zake. Yeye hakuwa na ubaya wowote.

Lakini watoto walikuwa wamelipata neno. "Shivatsi!" mmoja akajaribu. "Shivatsi, shivatsi!" wakaitikia wote, wakiinyooshea kidole pete ya Riziki, halafu wakininyooshea mimi. "Kadhi Shivatsi!"

Mejumaa akawanyamazisha kwa kugonga kibao cha mbuzi. "Amesema mpaka aiondoe. Basi mchezo haujaisha. Zungusha, Zuhura."

Zuhura akazungusha, akakosa. Zamu ikamrudia Riziki. Mshale ukazunguka, ukasita, ukasimama. Kete yake ikafika kwenye picha ya mkono mtupu: rudisha pambo moja.

Hata watoto wadogo walielewa. Akiirudisha pete nyeusi, anabaki na waridi yote na taji kichwani, na kiti ni chake.

"Rudisha pambo moja, mwanangu," Mejumaa akasema polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake penye shimo. "Lolote utakalo. Fikiri."

Riziki hakufikiri. Alinitazama mimi.

Nilipaswa kusema neno moja: pete. Lakini kulisema ilikuwa ni kusema kwamba nilidanganya siku ya kwanza, na siku zote baada yake. Kwamba kila hukumu niliyotoa kwa uso uliokunjwa niliitoa kichwani mwangu. Macho yote yalikuwa kwangu. Nikainamisha uso, nikawa naangalia ubao, nikihesabu rangi zake kana kwamba kuna jambo ninalolihakikisha.

Riziki akavua taji. Akaliweka katikati ya ubao kwa mikono miwili, akafunga kiganja juu ya pete nyeusi. Haikupita zamu mbili, Zuhura akalichukua.

Jioni ile Riziki aliniuliza tukiwa peke yetu, "Swaleh amesema uongo?"

"Uongo mtupu. Wamepanga na dada yake."

"Kwa hiyo kinga ninayo."

"Unayo."

Akaifunga kwa uzi, akaivaa shingoni, ikakaa juu ya kovu. Hakulia. Mejumaa alimwachia na zile herini za waridi, na Bibi, mama yake Mejumaa, akamwahidi kwamba siku ya harusi atashika mrashi mlangoni na kuwanyunyizia wageni marashi. Aliitikia, "Ahsante, Bibi," na mazoezi ya kupepea hakuyafanya tena.

Mimi nikaanza kazi. Nasema kazi kwa sababu sikuwahi kufanya jambo kwa uangalifu namna ile. Nilimchukia Zuhura nikiamka, nikila, nikisoma Kurani chuoni, ulimi ukitamka herufi na moyo ukitafuta namna. Nilifikiria kupaka upupu kwenye mpini wa upepeo wake. Lakini upupu unaoshwa, mtu anajikuna siku moja, basi. Nilifikiria kutia pilipili kwenye wanja wake, nikaona nitakamatwa. Nilitaka kisasi kisichoonekana mshono, ambacho kikitazamwa na mtu mzima kitaonekana kuwa ni adabu, na kikitazamwa na mtoto kitaonekana kilivyo. Nilichana mipango mingi kichwani kama nilivyochana kurasa. Mwisho nikauona, umekaa shingoni mwa mdogo wangu.

Asubuhi ya harusi nikamwambia, "Niazime pete yako niisafishe."

"Utanirudishia?"

"Kabla ya magharibi."

Alifungua uzi, akanipa. Niliisugua kwa jivu, kisha kwa mafuta ya nazi, hadi ikang'aa kama jiwe la kweli.

Shughuli ya wanawake ilianza baada ya alasiri, na mimi nilikuwa bado katika umri wa kuruhusiwa kuingia, japo wengine walianza kunitazama kwa jicho la "huyu mwaka kesho abaki nje." Mejumaa alikaa juu, kwenye meza mbili zilizounganishwa na kufunikwa zulia, amefunikwa asumini hadi kifuani. Kushoto kwake alikaa Zuhura, gauni la dhahabu, macho yamezungushiwa wanja, anapepea bila kukosea. Alikuwa mzuri. Hilo lilinikera kuliko yote.

Nikaenda kwa Bibi, aliyekuwa amekaa chini ya jukwaa akipokea salamu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, yule mtoto wa wakwe zetu amekaa juu pale mbele ya macho yote haya, na hana hata ushanga. Akiugua kesho si watasema ni sisi?"

Bibi akainua uso, akamtazama Zuhura, akawatazama wanawake waliojaa ua mzima. "Mume wangu ana akili," akasema. "Una kitu?"

Nikafungua kiganja.

Alipanda mwenyewe kwa magoti yake yale, huku anavutwa mkono, akisoma kimoyomoyo. Zuhura alipoiona pete alirudisha mkono nyuma.

"Sitaki, Bibi. Hii ni ya kushindwa!"

"Nani kakwambia? Leta mkono."

"Ni ya kushindwa, wallahi! Muulize Swaleh!"

"Mwanangu, kinga haikataliwi."

Na hapo mama yake Zuhura, aliyekaa mstari wa mbele na leso yake mpya, akamkemea kwa meno yaliyofungwa: "Vaa! Utatuaibisha mbele ya wakwe? Vaa, useme ahsante."

Akaivaa. "Ahsante, Bibi," akasema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ikapanda.

Nilikuwa nimekwisha kuwakusanya watoto mlangoni. Sikuhitaji kuwafundisha. Mmoja alinyoosha kidole, wote wakanyoosha. "Shivatsi!" wakasema. "Shivatsi! Shivatsi!" Mwanamke mmoja, akidhani ni wimbo mpya kutoka Mombasa, akapiga kofi la kwanza. Wa pili akaupata mdundo. Haukupita muda ua mzima ukawa unaimba, mabega yanakwenda, leso zinapepea, shivatsi, shivatsi ee, na katikati yake Zuhura amekaa juu, haruhusiwi kushuka, haruhusiwi kuvua, haruhusiwi kuacha kupepea. Kila upepeo ulipokwenda pete ilimetameta. Wanja ukaanza kumtiririka. "Maskini, anamlilia bibi harusi," wanawake wakasema, "moyo wa upendo huo." Mpiga picha akamwambia, "Mtoto, angalia huku," akapiga, akapiga tena.

Ilikuwa tamu. Sitadanganya nikasema nilijuta papo hapo. Nilisimama chini ya vigelegele vile nikahisi kwamba kila kitu duniani kimekaa mahali pake, vidole vikitazama nje.

Nilikwenda mlangoni kumtafuta Riziki, nimpe habari. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti na mrashi mikononi, herini za waridi masikioni, anatazama juu kwenye jukwaa.

"Umempa yeye," akasema.

"Sikumpa! Nimemkomoa. Si unawasikia? Ile ni pete ya kushindwa, Riziki, wote wanamcheka, na hawezi kuivua mpaka..."

Nikajisikia mwenyewe.

Aliugeuza uso wake kwangu taratibu. Mgeni mmoja alikuwa anangoja kunyunyiziwa marashi, akangoja.

"Kumbe unajua," Riziki akasema.

Akaweka mrashi chini. Akabandua herini ya kulia, akabandua ya kushoto, akaziweka kwenye kiganja changu, kisha akaokota mrashi na kumnyunyizia yule mgeni, mikono yote miwili, kama alivyoagizwa.

Hatukulizungumza jambo hilo hadi tukawa watu wazima. Boksi lililiwa na mchwa juu ya dari. Pete ilibaki kwa kina Zuhura, na nasikia mama yake alikuja kuwavisha wajukuu. Riziki aliolewa Lunga Lunga, akapata watoto wake, na siku moja aliyokuja kututembelea tukawa tunachambua mchele mimi na yeye. Nikamwuliza kama siku ile ya mchezo alimwamini Swaleh au aliniamini mimi.

"Nilimsikia Swaleh," akasema. "Kilichoungua kwangu ni ndewe, Kaka, si sikio."

"Sasa mbona ulirudisha taji?"

Alichagua jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Nilidhani wewe ndiye hukuelewa. Walikuwa wanakucheka. Nikaona nikiirudisha pete, wote watajua ulikosea, na wewe ulikuwa huwezi kukosea, ulikuwa unaumwa ukikosea. Kiti si kitu." Akachagua jiwe jingine. "Lakini pete ile nilikuwa nimeilipia. Ningependa ungeniachia."

Nikiandika haya bado sijamsamehe Zuhura, na sitajifanya nimemsamehe ili nionekane mwema. Alimtazama mdogo wangu shingoni na akakunja gauni. Tukikutana Ukunda tunaamkiana, hujambo, sijambo, watoto wazima, na moyoni naitamka shivatsi kila mara. Nina namna tatu za kumwumiza ambazo nimezitengeneza vizuri na hazina mshono. Lililobadilika kwangu ni moja tu: siku hizi, kabla sijamlipia mtu kisasi chake, humwuliza kwanza kama anakitaka. Nilimwuliza Riziki siku ile ile ya mchele. Alisema hapana, na sijafanya kitu.